Baba alikuwa askari wa Kagera: wasifu wake tuuandikeje?

SWALI: Shikamoo mzee. Baba yetu amefariki mwezi huu nyumbani kwetu Mbinga. Aliingia JWTZ mwaka 1974, akafunga ndoa na mama mwaka 1977, akaenda Vita vya Kagera, akastaafu mwaka 1995 akiwa sajini na kurudi kulima kahawa. Siku ya mazishi ulisomwa wasifu wa ukurasa mmoja ambao ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Kwenye misa ya arobaini tunataka tuwe na maandishi ya maana, yatakayobaki kwa wajukuu. Kaka zangu wanataka vita: kwamba alipigana Lukaya, kule Uganda, na akaingia Kampala. Mama anasema, "Andikeni alivyowalea." Baba mwenyewe hakuwa msimuliaji. Tuna sanduku lake la bati lenye barua ya kustaafu, madaftari na picha chache, moja imeandikwa nyuma "Mbarara 12.3.79". Kaka yangu wa tatu ana jina ambalo halimo kwenye ukoo wetu, na baba aliwahi kusema ni la mwenzake wa vitani. Halafu kuna ndugu yetu ambaye mama yake ni Mganda. Aliletwa nyumbani akiwa na miaka saba, mama akamlea. Wapo wanaotaka asitajwe. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba binti yangu, na poleni sana na msiba. Mfikishie mama pole zangu.

Kabla hamjaanza kugombania vita au malezi, chukua karatasi upige hesabu. Tangu Idi Amin, rais wa Uganda, alipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 hadi majeshi yetu yalipofika mpaka wa Sudan tarehe 3 Juni 1979 ni kama miezi saba. Utumishi wake jeshini ni miaka 21. Ndoa yake imepita miaka 45. Ukiandika kurasa nne na tatu zikawa za vita, utakuwa umeandika juu ya mtu mwingine. Lakini ukiiacha vita kwa kumridhisha mama, hapo tena wajukuu hawataelewa kwa nini kaka yako anaitwa jina lisilo la ukoo, wala kwa nini mna ndugu aliyezaliwa Uganda. Vita ile iliingia nyumbani kwenu na ikakaa. Maandishi yenu yaeleze iliingiaje.

Sasa tuseme la kaka zako, maana hapo ndipo penye hatari. Kwa miaka mingi nimesomewa wasifu za askari wa Kagera, na ukizifuata zote, kila Mtanzania aliyevaa gwanda alipigana Lukaya na akaingia Kampala siku ya kwanza. Jeshi lililokusanywa wakati ule, ukichanganya JWTZ, JKT, mgambo, polisi na magereza, linakadiriwa kupita watu 150,000. Hawakuwa wote mahali pamoja. Wengine hawakuvuka mpaka kabisa: walilinda daraja, walipakia risasi, walipika, waliendesha malori usiku bila taa kutoka Bukoba kwenda mbele. Vita haiendi bila hao, na hakuna haja ya kumwonea mtu aibu kwa sababu hakuwa Lukaya.

Picha yenu inaweza kuwasaidia. Masaka ilichukuliwa tarehe 24 Februari 1979, Mbarara tarehe 25. Kuanzia hapo njia ziligawanyika. Upande wa mashariki, brigedi zilizopitia Masaka zilishika barabara ya kwenda Kampala, na tarehe 10 na 11 Machi zikapambana Lukaya, kwenye ile barabara ipitayo katikati ya kinamasi, na majeshi ya Amin yakisaidiwa na askari wa Libya. Siku ya kwanza vijana wetu wa Brigedi ya 201, wengi wao mgambo, walirudishwa nyuma vibaya; siku ya pili Brigedi ya 208 ilizunguka kutokea kaskazini magharibi na mambo yakageuka. Upande wa magharibi kilikuwepo kikosi cha Silas Mayunga, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa jina la Mti Mkavu. Hicho ndicho kilichokwenda Mbarara, na baadaye kikaelekea Fort Portal.

Kutoka Mbarara hadi Lukaya ni zaidi ya kilomita 150. Mtu aliyekuwa Lukaya usiku wa tarehe 11, akiwa na jeshi lililokuwa linajipanga kwenda Kampala, hana sababu ya kuwa Mbarara anapiga picha tarehe 12. Haishindikani, ila mimi ningekuwa wewe nisingeandika Lukaya. Ningeandika: "Mnamo Machi 1979 alikuwa Mbarara." Sentensi hiyo ina ushahidi, na mjukuu atakayeifuatilia miaka 30 ijayo hataikuta ni uongo.

Angalia na kitu kingine kwenye hiyo picha. Mwandiko wa nyuma ni wa baba au wa mtu mwingine? Linganisha na madaftari. Watu huandika tarehe kwenye picha miaka mingi baadaye, kwa kukisia. Wino ukiwa ni uleule wa madaftari ya miaka ya tisini, tarehe ipunguzie uzito. Mwezi na siku vikiwa vimeandikwa namna ya jeshi, kwa mkono wa haraka na kalamu iliyofifia pamoja na picha yenyewe, tarehe ipe imani zaidi. Halafu tazama wale waliosimama naye. Bega la nani lina alama ya cheo gani? Baba mwenyewe alikuwa na utepe mmoja, miwili, au hana kitu? Ukijua alikuwa koplo mwaka 1979, hapo umeshapata jambo ambalo barua ya kustaafu haisemi.

Kuhusu kuingia Kampala, kaka zako wanaweza kuwa wamesema kweli bila kujua namna ilivyo kweli. Kampala ilianguka tarehe 10 na 11 Aprili 1979, lakini majeshi yetu yalibaki Uganda hadi 1981, yakilinda miji na barabara. Maelfu ya askari waliifahamu Kampala kipindi hicho. Mzee akisema "niliingia Kampala" anaweza kuwa aliingia Agosti, juu ya lori, akiwa na mfuko wa ndizi. Na kwenu hili lina uzito wa pekee: ndugu yenu alizaliwa lini? Kama ni 1980 au 1981, tayari una jibu kwamba baba alikaa Uganda baada ya mapigano kwisha. Yule mnayetaka kumficha ndiye hati yenu ya kipindi hicho.

Sitazunguka kwenye hilo. Mtajeni, kwa nafasi yake ya kuzaliwa, si mwishoni na si kwa maneno ya "na wengineo". Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kavu: orodha ya watoto inayosomwa hadharani msibani haibaki kuwa maneno ya kumbukumbu tu. Kikao cha ukoo kitakaa, muhtasari utaandikwa, mtu ataupeleka mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi, na hapo kutakuwa na mashahidi 200 waliosikia watoto ni sita wakati majirani wote wanajua ni saba. Nimeziona familia zikipelekana mahakamani miaka kwa sababu ya jina moja lililorukwa kwenye wasifu. Sababu ya pili ni mama yako. Mwanamke aliyempokea mtoto wa miaka saba mlangoni, asiyemzaa, akamlea mpaka akawa mtu mzima, alifanya jambo kubwa. Mkimfuta mtoto, mmemfutia na mama kazi yake. Ila mwulizeni yeye kwanza, akiwa peke yake, namna anavyotaka lisemwe. Pengine atataka sentensi moja tu: "Mwaka fulani alimleta nyumbani mwanawe kutoka Uganda, na mama akampokea." Inatosha. Hakuna anayedai mueleze mengine.

Huyo ndugu yenu naye muulizeni. Huenda mama yake mzazi alimsimulia mambo ya baba ambayo ninyi hamjawahi kuyasikia: kambi ilikuwa wapi, walikutana vipi, alikuwa anaongea lugha gani sokoni.

Jina la kaka yako wa tatu nalo msilipite. Baba asiyesimulia vita alimpa mwanawe jina la mwenzake, akawa analiita kila siku. Kama huyo mwenzake alifia vitani, anzeni Kaboya, wilayani Muleba mkoani Kagera, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile. Majina yapo. Huna haja ya kusafiri kutoka Mbinga mpaka Kagera. Tafuta mtu aliye Bukoba au Muleba aende akatazame na kupiga picha. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kuna watu wengi zaidi wa kuwauliza. Mkilipata jina lenyewe, mtakuwa mmempa kaka yenu kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Msipolipata, mwenzake huyo huenda alirudi salama na yupo mahali fulani anazeeka, na hapo ndipo wastaafu wanapohitajika. Ulizeni kupitia MUWAWATA, muungano wa wanajeshi wastaafu. Wazee hawa wanajuana kwa vikosi. Nendeni na namba yake ya jeshi na namba ya kikosi, yaani ile KJ, kama zilivyo kwenye barua ya kustaafu. Bila namba hizo mtazungushwa.

Sasa mama. Anaposema "andikeni alivyowalea", anataka mwandike nini hasa? Ukimwuliza baba alikuwa mtu wa namna gani, atakujibu kama wajane wote: alikuwa mpole, mcheshi, mcha Mungu, mpenda watu. Yote kweli, lakini hayamtofautishi na marehemu wa wiki iliyopita. Usimwulize sifa, mwulize siku. Siku alipoondoka kwenda vitani, mama alikuwa wapi, kambini kwenye kota au alishapelekwa kwa wakwe? Ujauzito wa nani ulikuwepo? Mshahara ulimfikia vipi, nani alikwenda kuuchukua? Habari alizipata kwa redio ya nani? Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunayo, nchi nzima ilisikiliza. Maneno hayo kila mtu ameyaweka kwenye wasifu wa mzee wake mpaka yamechuja. Lakini mama yako alikuwa binti wa mwaka mmoja wa ndoa, mumewe askari, akiyasikia. Alifanya nini usiku ule? Hicho hakimo kwenye wasifu wa mtu mwingine yeyote.

Kisha mwulize alivyorudi. Alifika saa ngapi, alikuwa amevaa nini, alikonda? Nani hakumtambua? Alianza kula nini?

Hapa nikae kidogo, maana ndipo watoto wengi wa askari wa Kagera wanapomkosa baba yao. Vita ilipokwisha Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda miezi 18. Miezi 18 haikuisha. Vita iligharimu fedha nyingi za kigeni, mafuta ya dunia yalikuwa yamepanda bei, mvua nazo zikasumbua, na miaka ya mwanzo ya themanini ikawa ya foleni: sukari foleni, sabuni foleni, khanga foleni, dawa ya meno ndiyo usiulize. Tulikula unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi, wenye maduka wakaficha hata kidogo kilichokuwepo. Ninyi wakubwa mlizaliwa na kukulia humo humo. Koplo au sajini mwenye watoto watano, sita, mshahara uleule, aliwavalisha nini? Kambini kulikuwa na duka, kuna vitu vilipatikana huko ambavyo mtaani havikuwepo. Je, alikuwa anawagawia ndugu zake wa Mbinga? Alituma nini kwa bibi, na kwa mkono wa nani? Hayo madaftari kwenye sanduku, umeshayafungua? Askari wengi wa kizazi kile walikuwa na tabia ya kuandika mahesabu: ada, sare, madeni, nauli. Kama kuna ukurasa wa mwaka 1984 unaosema "sare ya fulani, viatu vya fulani, deni kwa fulani", uweke kwenye wasifu kama ulivyo, pamoja na makosa yake ya herufi. Kaka zako wanatafuta ujasiri Lukaya, na mimi nadhani upo kwenye daftari hilo.

Halafu mkapata bahati nyingine: alistaafu na kurudi Mbinga, na akawa na karibu miaka 30 ya shamba. Wasifu mwingi wa wanajeshi hukatika pale anapovua sare, kama vile alikufa siku hiyo. Ninyi mlimwona kila siku. Uliponiandikia kwa urefu ulitaja jambo moja ukalipita haraka: mwaka mama alipougua, baba alilima ngoro, yale mashimo ya kilimo cha mlimani, peke yake, akikata na kulaza nyasi kisha akifukia udongo mwenyewe. Asiyetoka Umatengoni, yaani huko kwenu Mbinga, hataona ajabu. Lakini wewe na mimi tunajua kufukia ngoro ni kazi iliyozoeleka kuwa ya wanawake. Mwanamume hukata na kulaza nyasi, akamaliza. Mzee mstaafu wa jeshi, sajini, mlimani, jirani zake wakimwona, anafukia ngoro za mkewe. Hilo lipewe aya yake nzima. Watu walisema nini? Yeye aliwajibu nini? Mama alikuwa amelala ndani au ameketi nje anamwangalia? Mtu akisoma hapo hatahitaji kuambiwa kwamba marehemu aliipenda familia yake.

Kuhusu ukimya wake, msiujaze kwa maneno yenu. Usiandike "aliumizwa na aliyoyaona vitani" kama hakusema. Andika mlichokiona: kwamba hakusimulia, kwamba mkiuliza aliondoka au alicheka, kwamba kulikuwa na sauti asizozipenda au siku za mwaka alizokuwa tofauti, kama zilikuwepo. Na kama alikunywa, au alikuwa mkali mno mlipokuwa wadogo, hiyo pia ni sehemu yake. Msibani hatusemi, sawa, ni heshima. Lakini maandishi ya wajukuu si tangazo la msiba. Sentensi moja ya kweli kwamba alikuwa mkali, na kwamba alilegea alipopata wajukuu, itawafanya waamini na sentensi nyingine zote.

Kwa hiyo gawa kazi mara mbili. La kusomwa kwenye misa liwe kurasa mbili, si zaidi. Padre ana ratiba, na mshereheshaji ataanza kutazama saa. Hilo lianze na kuzaliwa, wazazi, ubatizo, shule, JKT, jeshi, ndoa, watoto wote kwa majina na kwa mpangilio, kustaafu, ugonjwa. Mpangilio huo umezoeleka na una faida zake, usiuchokonoe. Ndani yake weka mambo mawili tu ya karibu: ngoro, na jina la kaka yako. La pili, la wajukuu, halina haraka. Arobaini isiwashike koo. Linaweza kuchukua mwaka, likawa na kurasa 20 na picha, na kila mtoto akaandika sehemu yake kwa mkono wake, kaka zako wakiwemo. Wakiandika "tulikua tukiambiwa aliingia Kampala", hiyo ni kweli na inakubalika. Ni tofauti na kuandika kwamba aliingia.

Kuna kitu kimoja ambacho hakisubiri. Wenzake aliotumikia nao wana miaka 70 na kuendelea. Ile picha ya Mbarara ipige kwa simu mbele na nyuma, kwa mwanga wa mchana, bila kuitoa kwenye mfuko wake kila mara, kisha umtafute mzee mmoja mstaafu hapo wilayani umwonyeshe. Usimwulize kuhusu baba kwanza. Mwulize sare ile ni ya mwaka gani, gari lile nyuma yao ni la nani, na huyo wa kushoto aliyeshika kofia anamjua. Enda na mdogo wako wa kuandika, maana wewe utakuwa unasikiliza. Fanya hivyo wiki hii, kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa vita.